Mke Wangu Amemchagulia Koti Mzee wa Redioni

Bi Kemuma, mshauri wetu, salamu nyingi kutoka Kisii mjini. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la aibu, ingawa nikisema kweli jambo la aibu nimeshalifanya na sasa natafuta mlango wa kutokea bila kuonekana, na tafadhali usitaje jina langu kwa sababu hapa tunajuana.

Mimi ni mwanamume wa makamo, mzaliwa wa kando ya ziwa upande wa Homa Bay, lakini nimeishi Kisii tangu nilipoajiriwa karani wa ghala katika kampuni moja ya majani chai, nikaoa, nikajaliwa binti, Valarie, ambaye sasa yuko chuoni, na nikawa mzee wa kanisa letu la Kisabato. Mke wangu Zilpa, ambaye ni wa huko huko kwetu, anauza mapazia na mashuka ya mitumba soko la Daraja Mbili. Mwaka juzi kampuni ilifunga ghala na sisi tukaambiwa asanteni kwa utumishi wenu, na tangu hapo mimi ndiye ninayembebea Zilpa marobota asubuhi na kumkunjia mapazia jioni, na wateja wananiambia "wewe, teremsha lile la bluu" bila hata kunisalimu. Nilivumilia. Nilikuwa bado na kitu kimoja cha kushikilia, nacho ni redio.

Kuna redio moja hapa yenye kipindi cha asubuhi cha kupiga simu, kinaendeshwa kwa Kiswahili ili sisi wa kuja nasi tupate kusema, na mtangazaji wake, Duke, huleta mada: leo siasa, kesho dini, kesho kutwa maisha na jinsi yanavyobadilika. Sisi wapigaji wa kila siku tuna majina ya hewani. Mimi ni Jemadari. Nilipewa jina hilo kwa sababu nikishika hoja siiachii, na baada ya kazi kuisha ndilo jina pekee lililobaki na heshima, kwa maana muuza nyama ananiita Jemadari, askari wa kaunti wananiita Jemadari, hata walimu hunipigia saluti ya mzaha nikipita. Nina chama changu na sikifichi. Kwetu chama hicho unazaliwa unakikuta nyumbani, kama vile unavyomkuta babu yako. Nimekitetea hewani mvua na jua, na nimemwambia Duke mara nyingi kwamba redio yao ina upendeleo, kwamba watu wa upande ule huachwa wamalize sentensi na sisi hukatwa na matangazo ya sabuni.

Sasa sikia. Sabato moja tulikuwa na harambee ya paa la kanisa, akaja mwanasiasa wa upande wangu, na mimi kama mzee wa kanisa nikamkabidhi kipaza sauti pale mimbarini, naye akaongea kumzidi mhubiri. Jumatatu yake Duke akaleta mada: je, wanasiasa wapewe mimbari? Nikawa wa kwanza kupiga, nikatetea, nikasema kanisa ni la wote. Nilipokata simu Duke akasema tumsikie mama mmoja wa Daraja Mbili, na sauti iliyotoka kwenye redio ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa nikiisikia nyuma ya pazia la maua, karibu na niliposimama. Alikuwa Zilpa, ambaye hajawahi kupiga simu redioni maisha yake yote, wala hakuwa ameniambia ana mpango huo.

"Mimi sijakuja na chama," alisema. "Mwanasiasa akuje kanisa, akae kwa benchi kama sisi. Akitaka kura, soko iko hapa, akuje hapa, kwa sababu hapa tunaweza kumuuliza maswali. Kule kanisa tunaambiwa tunyamaze. Sasa nani atamjibu?"

Duke alimwacha amalize bila tangazo la sabuni. Kisha akamwambia, "Mama, wewe unaangalia pande zote," na kabla jua halijawa kali soko zima lilikuwa likimwita Mama Pande Zote.

Mshauri, wivu ulinishika, na sijui kama umewahi kuletewa wivu wa namna hii, kwa kuwa wanaume wengine huwaonea wivu wanaume wanaowatazama wake zao, na mimi nilimwonea wivu mke wangu mwenyewe. Baraza la kanisa lilikaa likaamua kuwa mwanasiasa hatashika tena kipaza sauti, na hawakusema ni kwa sababu ya Zilpa, ila wote walikuwa wakimtazama yeye na kuniepuka mimi. Mwenye bodaboda aliyeniletea robota aliniuliza, "Kumbe wewe ndio bwana ya Mama Pande Zote?" nikamjibu ndiyo, nikahisi nimepungua. Ndugu yangu Obura akapiga simu kutoka nyumbani, kwa maana redio hii inafika hadi kwetu, akasema, "Omera, ndugu yangu, bibi yako amesema kwa redio ati chama si ukoo, ati mtu anaweza kubadilisha kura kama anavyobadilisha fundi wa nguo. Wewe uko hapo unafanya nini?" Nilikuwa hapo nakunja mashuka.

Na Duke, ambaye nimekuwa nikimpigia tangu Zilpa hajui hata kipindi kinaanza saa ngapi, akawa anamwambia yeye, "Mama, maliza hoja yako," na mimi ananiambia, "Jemadari, kwa ufupi." Siku moja nililalamika hewani kwamba huu ni upendeleo wa wazi. Zilpa akapiga simu mara moja. Nilidhani atanipinga. Akasema, "Jemadari ana haki. Hii wiki yote mmeita wageni wa upande moja tu kwa studio. Iteni na wale wengine, hata kama hamuwapendi." Alinitetea, Bi Kemuma, tena vizuri kuliko nilivyojitetea mwenyewe, na hakuna kilichoniuma kama hicho.

Ndipo nikafanya nililofanya. Nilinunua laini ya pili, nikaenda mwisho wa soko kwa wanaouza kuku ili majogoo wasikike nyuma yangu kana kwamba niko shambani, nikaikaza sauti kooni, nikageuza kila L kuwa R kama ninavyowasikia wazee wa hapa, nikampigia Duke nikamwambia mimi ni mzee Nyamweya wa Nyansiongo, mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa, nina jambo na huyo mama. Nia yangu ilikuwa kumvunja. Nilitaka asikie mzee mwenyeji wa hapa akimwambia anyamaze ili aone aibu arudi kwenye mapazia yake.

Lakini mzee wa umri ule hawezi kutukana hewani, watu wangenishuku, basi ikanibidi nianze kwa upole, nikasema, "Binti yangu, nimekusikia, umesema hivi na hivi, sasa hebu nikuulize." Na ili nirudie aliyoyasema ilinibidi nimsikilize kweli, nikiwa nimeziba sikio moja kwa sababu ya majogoo. Zilpa akajibu, "Asante mzee wangu, swali yako ni nzuri, nimekuwa nikijiuliza hata mimi." Duke akafurahi, wasikilizaji wakafurahi, nikaombwa nipige tena kesho, nikapiga, na kesho yake nikapiga. Tumejadiliana kuhusu vijana walioingia barabarani kuandamana, tumejadiliana kama mwanamke aweza kuwa mzee wa kanisa, tumejadiliana kama mtu akiacha kazi ya mshahara akaanza upya amepoteza maisha au amebadilisha tu njia, na siku hiyo Zilpa alisema mambo ambayo sijawahi kumsikia akisema nyumbani. Alisema, "Mtu akipoteza kazi anafikiri ni yeye amepotea. Hajapotea. Sisi tunamuona kila siku." Nilikohoa, nikasema mtandao ni mbaya.

Jambo la ajabu ni kwamba nikiwa Nyamweya mara nyingi nakubaliana naye. Nyamweya hana chama alichozaliwa nacho, hana Obura wa kumpigia simu.

Basi sasa nyumbani ni Nyamweya, Nyamweya. Tukila ugali ni Nyamweya. "Baba Valarie, umesikia vile mzee Nyamweya amesema leo? Huyo mzee anajibu kile nimesema, hajibu kile anafikiria nimesema." Anasema hivyo akitabasamu huku akiitazama sahani, na mimi hapo hapo mbele yake, nimekaa, nikiungua kwa wivu juu ya mtu ambaye, kama ungenipiga darubini, ungemkuta ndani ya shati langu. Siku niliyokohoa redioni, jioni nilikuta amenichemshia chai ya tangawizi, nikainywa kwa hasira kwa sababu nilijua mawazo yake yako Nyansiongo.

Wivu ukanizidi. Nikapiga simu kama Jemadari, kwa laini yangu ya kawaida, nikasema hewani kwamba huyu anayejiita mzee Nyamweya ni mtu bandia, amenunuliwa na wanasiasa ili ayumbishe wasikilizaji, na redio inamkumbatia kwa sababu ya upendeleo wake ule ule. Zilpa akapiga simu dakika hiyo hiyo akamtetea Nyamweya dhidi yangu, mimi mumewe. Akasema, "Jemadari, mimi nakuheshimu, lakini huyo mzee usimguse. Huyo ananisikiliza." Soko lote likacheka. Sikurudi kwenye mapazia siku hiyo, nilizunguka mjini mpaka miguu ikauma.

Sasa redio imetangaza mkutano wa wasikilizaji, Jumapili ijayo, na kwa heshima ya mzee Nyamweya wameupeleka Nyansiongo. Zilpa anakwenda. Juzi alifungua robota jipya akachagua koti zito la sufi, akasema kule Nyansiongo, Borabu, kuna baridi na mzee ana kifua, akaniambia, "Simama hapa, Baba Valarie. Nafikiri huyo mzee ni mwili kama wako." Akanivalisha. Akalivuta mabegani, akalifunga vifungo vyote, akarudi nyuma kunitazama, akalitoa akalikunja vizuri akaliweka kwenye mfuko. Nilisimama pale nikipimwa koti la mwanamume mwingine, nikihofia nikifungua mdomo nitalia.

Nimewaza kumuua huyu mzee, yaani niipigie redio kama mwanawe nitangaze kwamba Nyamweya amefariki, lakini namjua Zilpa, atachangisha soko zima aende mazishini, na hakuna kaburi. Nimewaza kumwambia Zilpa asiende, lakini nitampa sababu gani? Nimewaza kwenda mimi mwenyewe nikiwa nimevaa kofia. Silali vizuri. Naogopa akijua atanicheka, na akinicheka na soko likajua, hata lile jina moja nililobaki nalo litakwisha. Na naogopa zaidi kwamba hatacheka, kwamba atasikitika kuwa Nyamweya hayupo, na atanitazama mimi kama mtu aliyemuua. Nifanye nini?

Jemadari, Kisii

*

Jemadari, hebu tuanze na koti. Umeniandikia kurasa nzima, umenieleza majogoo na sabuni na sahani, lakini umesahau kuniambia kama koti lilikutosha. Mimi nimeshajua. Lilikutosha mabegani, lilikutosha mikono, na mkeo alilifunga vifungo vyote kwa sababu alikuwa akikuvalisha wewe.

Mke gani, niambie, atampimia mzee asiyemjua nguo kwenye mwili wa mumewe, na amjulie na kifua? Nyamweya alipokohoa hewani asubuhi, ni nani aliyepewa tangawizi jioni? Na wakati ule mkeo anasema "mtu akipoteza kazi anafikiri ni yeye amepotea, sisi tunamwona kila siku," wewe ulidhani anazungumza na mkulima wa mahindi? Zilpa amelala kando yako miaka mingi kuliko ambayo Duke ameshika kipaza sauti. Anakijua kikohozi chako, anaijua pumzi unayovuta kabla ya kubisha. Amekuwa akizungumza na mumewe kila asubuhi mbele ya kaunti mbili, kwa sababu hapo tu ndipo mumewe alipokubali kumsikiliza.

Huenda nimekosea na hajui. Kama hajui, basi deni lako la ukweli ni kubwa zaidi, kwa hiyo kwa vyovyote vile ushauri wangu haubadiliki.

Na usijidanganye kuhusu wengine. Mimi ni Mgusii, mama yangu ni wa Borabu. Niliposoma kwamba uligeuza kila L kuwa R ukaamini umekuwa mzee wa Nyansiongo, nilicheka hadi wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini, kisha nikanuna kidogo, maana wazee wetu si joho la kuvaa unapotaka kumfunga mwanamke mdomo. Wauza kuku wana masikio, Jemadari. Wamekuona kila asubuhi ukizungumza na simu huku umekaza shingo. Wamenyamaza kwa sababu wanakupenda, nawe ulipaswa kulijua hilo kabla ya kuogopa kwamba soko litakucheka.

Sasa kuhusu kazi yako, pole sana, na ninasema pole ya kweli. Mtu akifanya kazi mahali kwa muda mrefu, siku mlango ukifungwa hata namna ya kusalimu watu humpotea. Ulishikilia jina la redioni kama mtu aliyeshikilia ukingo wa mto, na ghafla ukamwona mkeo akipita katikati ya maji bila kushika kitu. Hilo linauma. Mtu asikuambie ni upuuzi. Lakini maumivu yako umeyabebesha mtu asiye na hatia, tena yule aliyekuwa akikulisha wakati huo huo na kukuita Baba Valarie mbele ya watu ili wakukumbuke.

Umelalamika kuhusu upendeleo wa vyombo vya habari. Mimi ninakula humo, kwa hiyo nakujibu bila kuficha: upo. Kuna wahariri wenye vyama, kuna redio zenye marafiki, na kuna habari hazichapishwi kwa sababu mwenye tangazo hatafurahi. Mkeo alisema hivyo hewani kwa maneno machache na hakumkosea mtu. Wewe je? Ulidai redio inapendelea upande mmoja, halafu ukaenda kununua laini ya pili ili mtu mmoja asikike kama watu wawili. Halafu mmoja wa hao wawili akamsingizia mwingine kwamba amenunuliwa. Wasikilizaji wa asubuhi ile walikuwa wakidanganywa, na aliyekuwa akiwadanganya si Duke. Kwa hiyo utampigia Duke, nje ya hewa kwanza, umwambie Nyamweya ni nani, na akikupa nafasi uwaombe radhi wasikilizaji kwa sauti yako na L zako zote. Jina la Jemadari likipotea kwa hilo, lilikuwa limeshapotea.

Siasa za Obura usizilete kwenye kitanda chako. Kura ya Zilpa ni ya Zilpa. Ndugu yako akipiga tena, mwambie shemeji yake ana simu, ampigie yeye mwenyewe wajadiliane, uone kama atathubutu. Na la kanisa, nyamaza kidogo ujipime. Ulimpa mwanasiasa mimbari kwa sababu ni wa upande wako. Angekuwa wa upande ule ungekuwa wa kwanza kunukuu Maandiko kumkataza. Baraza halikukupindua, lilikurekebisha, na mzee wa kanisa asiyeweza kurekebishwa ndiye anayepaswa kukaa kwenye benchi.

Usimtangaze Nyamweya amekufa. Hapa kwetu tangazo la kifo si mchezo, watu huacha shamba wakaja. Wala usiende Nyansiongo umevaa kofia kama mwizi wa kuku. Wala usithubutu kumkataza mkeo asiende.

Umemwonea wivu Nyamweya, na wivu wako, nikikuambia ukweli, haukukosea. Yeye ni mwanamume bora kuliko Jemadari. Anasema "binti yangu, nimekusikia" kabla ya kupinga. Anarudia alichoambiwa ili ahakikishe amekielewa. Anabadilisha mawazo na dunia haianguki. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji ng'ombe wa maziwa au laini ya pili. Ulihitaji tu kuziba sikio moja na kutumia lile lingine, na umeshathibitisha kwamba unaweza. Kitu ambacho hujakifanya ni kukifanya ukiwa ndani ya nyumba yako, ukiwa na sura yako, mahali ambapo hakuna Duke wa kukusifu.

Kwa hiyo fanya hivi. Jioni hii zima redio. Mwite mkeo kwa jina lake, maana naona watu wote siku hizi wanamwita kwa jina la soko. Mwambie ulivyofanya, kuanzia laini hadi majogoo, usiruke kitu, na usiongeze "lakini" hata moja. Halafu muulize jambo moja ambalo Nyamweya hakupata muda wa kumuuliza, kisha funga mdomo mpaka amalize, hata kama atalia, hata kama atacheka, hata kama atakaa kimya kwa muda mrefu ukadhani amekasirika. Akimaliza, mwambie umechoka kumwonea wivu. Nadhani naye amechoka kungoja.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoniomba, Jemadari, lakini koti sikuweza kulibadilisha, na gazeti hili linauzwa Daraja Mbili tangu alfajiri. Huna muda mpaka Jumapili. Kwa kweli hata jioni niliyokupa hapo juu ni mbali. Likunje gazeti hapo uliposimama, nenda kwenye mapazia, useme mwenyewe kabla Zilpa hajafika ukurasa huu.